Chombo Kilichoitwa Uhuru

Somo la kusoma nyumbani na kujadili katika kikundi



Mwezi wa Julai, baada ya mavuno, tulikitembelea kikundi kimoja cha wanakisomo katika milima ya Uluguru. Siku hiyo tulichelewa kumaliza. Taa ya sola ilipoanza kufifia tulifunga madaftari, tukatoka nje. Hapakuwa na mbalamwezi. Juu ya vichwa vyetu ulipita ule weupe mrefu unaokatisha anga kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nanyi mmeuona mara nyingi.

Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, ule weupe ni nini? Ni moshi au ni wingu?"

Kabla hatujajibu, mzee mmoja akadakia, "Ni wingu tu, mama. Ungekuwa kitu kingine tungeshaambiwa."

Maneno hayo yalituingia moyoni. Tungeshaambiwa! Kweli, ndugu zangu, yako mambo mengi ambayo hatukuambiwa. Moja ni hili. Mwaka 1970, katika bahari ya jirani zetu Kenya, kilirushwa chombo cha kuchunguza anga. Chombo hicho kilipewa jina la Kiswahili. Hadi leo wataalamu wa elimu ya nyota duniani, Wajapani, Wajerumani na Wamarekani, wanalitamka jina hilo: Uhuru. Lakini sisi wenyewe, tulipokuwa chuo cha ualimu, hatukulisikia hata siku moja.

Tuliwaahidi wanakikundi wale kwamba tutaitafuta habari hiyo na kuiandika. Ahadi ni deni. Somo lenyewe ndilo hili.

WEUPE ULE NI NINI?

Weupe ule si moshi wala wingu. Ni nyota. Ni nyingi mno, tena ziko mbali mno, hata macho yetu hayawezi kuzitenganisha moja moja.

Kama umewahi kusimama usiku kwenye njia ya kwenda Bondwa ukatazama Morogoro mjini kule chini, utaelewa upesi. Taa za karibu unaziona moja moja. Taa za mbali zinaungana, unaona weupe tu. Lakini unajua kwamba ndani ya weupe ule kuna nyumba, na kila nyumba ina taa yake.

Nyota nazo ni hivyo hivyo. Jua letu hili ni nyota moja katika mkusanyiko mkubwa wa nyota. Mkusanyiko wa namna hiyo huitwa galaksi. Galaksi yetu ina nyota zaidi ya bilioni 100. Sisi tunaiona kama utepe kwa sababu tumo ndani yake. Mtu aliyesimama katikati ya shamba la mahindi haoni umbo la shamba lote. Anaona mahindi tu yamemzunguka.

Je, galaksi ni moja tu? Zamani wataalamu wengi walidhani hivyo. Mwaka 1924 Mmarekani mmoja, Edwin Hubble, alipima umbali wa kitu kinachoitwa Andromeda. Akaona kiko mbali sana, nje kabisa ya galaksi yetu. Kumbe Andromeda nayo ni galaksi inayojitegemea! Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo, mwanga wa Andromeda husafiri miaka kama milioni 2.5 ndipo unatufikia. Leo inajulikana kwamba galaksi ziko mabilioni mengi.

Tena galaksi nyingi hukaa kwa makundi. Kundi moja kubwa laweza kuwa na mamia ya galaksi, hata maelfu.

Ili tusipotee njiani, tushike mfano huu. Nyota ni kama nyumba. Galaksi ni kama kijiji. Kundi la galaksi ni kama tarafa. Tutautumia mfano huu hadi mwisho wa somo.

MWANGA USIOONEKANA

Sasa twende kwa mhunzi anayefua majembe. Anapotia chuma motoni, kwanza chuma hubaki cheusi. Lakini ukikaribisha mkono unasikia joto. Baadaye chuma huwa chekundu, kisha cha manjano, na mwisho hukaribia kuwa cheupe. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo mwanga unavyobadilika.

Je, joto likizidi maelfu ya mara kuliko la mhunzi? Hapo kitu hutoa mwanga mwingi wa aina ambayo macho ya binadamu hayaoni. Aina mojawapo huitwa eksirei. Ndiyo ile ile ya hospitali, inayopita katika nyama na kumwonyesha daktari mfupa uliovunjika. Iligunduliwa mwaka 1895 na Mjerumani aitwaye Wilhelm Röntgen.

Basi kama tungekuwa na chombo cha kuona eksirei zinazotoka angani, tungegundua mahali penye joto kali ambalo macho hayawezi kulitambua.

UKUNGU WA MLIMANI

Lakini kuna tatizo. Hewa inayoizunguka dunia huzuia eksirei za angani zisitufikie. Hiyo ni heri kwetu, maana eksirei nyingi zinadhuru mwili. Hewa ni kama blanketi letu. Lakini kwa anayetaka kuona, blanketi hilo ni kizuizi.

Fikiri juu ya mtu aliyesimama Morogoro mjini asubuhi ya masika. Anatazama Bondwa, haoni kilele wala minara iliyo juu. Ukungu umefunika kila kitu. Akisema, "Huko juu hakuna kitu," amekosea. Kilele kipo. Yeye ndiye aliye chini ya ukungu. Dawa yake ni kupanda hadi aupite ukungu.

Wataalamu nao ilibidi wapande juu ya hewa. Huko hakuna njia ya miguu. Njia ni roketi.

KIJANA ALIYETAFUTA MWEZI

Mtu tunayemzungumzia anaitwa Riccardo Giacconi. Alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Genoa, Italia. Mama yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia. Giacconi alisoma Milan, na mwaka 1956 akaenda Marekani kuendelea na utafiti. Mwaka 1959, kabla hajafika miaka 30, alipata kazi katika kampuni ndogo huko. Mtaalamu mwingine mwenye asili ya Italia, Bruno Rossi, ndiye aliyemshauri atafute eksirei angani.

Watu wengi hawakuwa na matumaini. Waliona jua letu hutoa eksirei kidogo tu. Wakasema nyota nyingine, jinsi zilivyo mbali, haziwezi kuonekana kwa njia hiyo.

Mwaka 1960 Giacconi na wenzake walirusha roketi, ikashindwa. Mwaka 1961 wakarusha nyingine. Ikapanda vizuri, lakini kifuniko cha chombo hakikufunguka. Hebu fikiri: umepanda mlima siku nzima, umefika kileleni, na macho yamefungwa kitambaa!

Hawakukata tamaa. Tarehe 18 Juni 1962, usiku, walirusha ya tatu kutoka jangwani New Mexico. Safari hii kila kitu kilifanya kazi. Roketi ilikaa juu ya hewa nzito kwa muda usiofika dakika 6, kisha ikaanguka.

Nia yao ilikuwa kuona kama mwezi unatoa eksirei. Walichokipata hakikutoka mwezini. Eksirei kali zilitoka mbali zaidi, upande wa zile nyota zinazoitwa Nge. Aliyekwenda kutafuta mbuzi akarudi na ng'ombe.

Lakini dakika 6 zinatosha nini? Ni kama kuchungulia shamba la watu dirishani ukiwa ndani ya basi. Mwaka 1963 Giacconi na wenzake waliandika mpango wa kutengeneza chombo cha kuzunguka dunia usiku na mchana, kikitazama anga lote. Chombo kinachozunguka dunia namna hiyo huitwa setilaiti. Mpango uliandikwa mwaka 1963, na chombo kikaruka mwaka 1970. Walingoja miaka 7.

KWA NINI NGOMENI?

Kaskazini ya Malindi, pwani ya Kenya, kuna mahali panapoitwa Ngomeni. Huko baharini Waitalia, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu. La kurushia roketi waliliita San Marco. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo mwaka 1967.

Mbona Wamarekani walisafiri hadi huku, na kwao wana viwanja vya roketi? Ziko sababu tatu.

Kwanza, Ngomeni iko karibu na Ikweta. Dunia inazunguka kama gurudumu, na kasi yake ni kubwa zaidi penye Ikweta, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Mvulana anayetumia kombeo anajua jambo hili. Kombeo likizungushwa kwa nguvu, jiwe huenda mbali.

Pili, mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu. Vipande vya roketi vikianguka, havimwangukii mtu.

Tatu, chombo kinachozunguka juu ya Ikweta hukwepa zaidi sehemu za anga zenye chembechembe za umeme. Chembechembe hizo huvuruga hesabu za chombo.

Roketi ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru wake. Msimamizi wa mradi wa chombo hicho alikuwa mwanamke, mhandisi wa Marekani aitwaye Marjorie Townsend. Ndiye aliyetoa wazo kwamba chombo kiitwe Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wao. Jina likakubaliwa.

Uhuru hakikuwa chombo kikubwa. Uzito wake ulikuwa kilo 140 hivi. Magunia mawili ya mahindi ni mazito kuliko Uhuru.

DAFTARI LA UHURU

Kazi ya Uhuru ilikuwa nini? Ilikuwa kuhesabu. Hapana zaidi.

Kilizunguka dunia mara moja kwa dakika 96 hivi. Hiyo ni mara 15 kwa siku. Huku kinakwenda, chenyewe kilikuwa kinajigeuza polepole, kama mlinzi wa usiku anayegeuka na tochi yake pande zote. Kilikuwa na macho mawili yaliyopeana mgongo. Kila jicho lilipopita mbele ya kitu chenye kutoa eksirei, hesabu ilipanda. Lilipopita mahali pasipo na kitu, hesabu ilishuka. Namba hizo zilitumwa duniani kwa njia ya redio. Wataalamu wakazikusanya, wakazilinganisha, wakaziandika.

Chombo kilifanya kazi hadi Machi 1973. Lakini uchambuzi wa namba uliendelea miaka mingine kadhaa. Kabla ya Uhuru kuruka, vitu vilivyojulikana kutoa eksirei angani vilikuwa makumi machache tu. Tazama jinsi orodha za Uhuru zilivyokua:

Orodha ya mwaka 1972: vitu 125
Orodha ya mwaka 1974: vitu 161
Orodha ya mwaka 1978: vitu 339

Hapa tuangalie jambo moja. Chombo kilinyamaza mwaka 1973, lakini orodha iliendelea kukua hadi 1978. Mbona? Kwa sababu namba ziliandikwa na kutunzwa. Aliyetunza daftari anaweza kurudi kulisoma tena, akaona jambo ambalo mara ya kwanza lilimpita. Aliyetegemea kichwa tu, kinachosahaulika kimekwenda.

UBISHI ULIOKATWA NA CHUMA

Sasa tumefika kwenye moyo wa somo. Turudi kwenye mfano wetu wa nyumba, kijiji na tarafa.

Uhuru kilipotazama makundi ya galaksi yaitwayo Perseus, Coma na Virgo, kilionyesha kwamba yanatoa eksirei. Tena eksirei hizo hazikutoka katika nukta moja. Zilitoka katika eneo pana, hata kati ya galaksi na galaksi, mahali ambapo kwa darubini za kawaida palionekana patupu.

Ni kama kutazama tarafa usiku kutoka mlimani. Unaona vijiji vyenye taa. Kati ya kijiji na kijiji ni giza, nawe unasema, "Pale hakuna kitu." Kumbe palepale ndipo penye mashamba, misitu na mito. Mali nyingi ya tarafa iko gizani.

Basi ubishi ukaanza. Wataalamu wengine walisema, "Kati ya galaksi kuna hewa nyembamba yenye moto mkali sana. Hiyo ndiyo inayotoa eksirei." Wengine wakasema, "La, si lazima. Huenda ni chembechembe za umeme zinazokwenda kasi na kugongana na mwanga." Hoja zote mbili zilikuwa na akili ndani yake. Nani angewaamua?

Hawakuamuliwa kwa cheo wala kwa sauti kubwa. Walitafuta shahidi.

Tarehe 15 Oktoba 1974, kutoka majukwaa yale yale ya Ngomeni, kilirushwa chombo kingine cha eksirei. Hiki kilikuwa cha Waingereza, jina lake Ariel 5. Mwaka 1976 wataalamu waliokitumia kulichunguza kundi la Perseus walitangaza kwamba wameona alama ya chuma katika eksirei zake.

Alama ya chuma maana yake nini? Kila kitu kikipata joto kali hutoa mwanga wenye alama yake, kama ng'ombe anavyopigwa chapa ya mwenyewe. Chumvi ina alama yake, shaba ina yake, chuma kina yake. Mtaalamu akiona alama anamjua mwenye mali. Na alama ile iliyoonekana hutolewa na chuma kilichomo ndani ya hewa yenye moto. Hoja ya kwanza ikapata nguvu. Joto la hewa ile hufikia makumi ya mamilioni ya digrii. Maji ya ugali huchemka kwa digrii 100!

Na chuma chenyewe kilifikaje huko nje? Chuma hupikwa ndani ya nyota. Nyota kubwa inapofika mwisho wake hulipuka, ikakitupa nje. Hii inaonyesha kwamba hewa ile iliyo nje ya galaksi imechanganyika na vitu vilivyopikwa ndani ya galaksi. Vijiji vilipeleka mazao yake shambani, siyo shamba kupeleka kijijini. Chuma cha jembe lako, ndugu msomaji, ni cha aina ile ile, na chenyewe kilipikwa katika nyota za kale, kabla dunia yetu haijakuwapo.

UTAFITI HUO ULIZAA NINI?

Utafiti mzuri ni kama mbegu nzuri. Hauishii kwa aliyeupanda. Tutaje matunda matatu.

La kwanza ni uzito. Wataalamu walipopima hewa ile ya moto, waliona kwamba katika makundi makubwa uzito wake unazidi uzito wa nyota zote za galaksi zilizomo. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanahesabu tarafa kwa kutazama taa tu. Ni kama karani wa sensa anayeandika nyumba zenye taa na kuziruka zilizolala gizani. Hesabu yake haiwezi kuwa sahihi.

La pili ni siri ya kinachozuia hewa ile isitawanyike. Mvuke wa sufuria isiyo na kifuniko hupanda ukapotea. Hewa yenye joto la mamilioni ya digrii ingefanya vivyo hivyo, isipokuwa kama kuna kitu kizito kinachoivuta ibaki. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, mtaalamu kutoka Uswisi aliyefanya kazi Marekani, alikuwa amesema kwamba galaksi za kundi la Coma zinakimbia mno, na lazima kuna uzito usioonekana unaozishika. Wengi hawakumjali. Mwaka 1970 mama mmoja wa Marekani, Vera Rubin, pamoja na mwenzake Kent Ford, walitangaza vipimo vya mwendo wa sehemu mbalimbali za galaksi ya Andromeda. Sehemu za nje hazikupunguza mwendo kama ilivyotazamiwa. Eksirei zikawa mzani mwingine wa kupimia jambo hilo hilo. Leo inakubalika kwamba katika kila kilo 100 za kundi kubwa la galaksi, zaidi ya kilo 80 ni kitu kisichotoa mwanga wowote, wala eksirei. Ni kitu gani hicho? Wataalamu wanaendelea kukitafuta.

La tatu ni vyombo vilivyofuata. Giacconi aliongoza kazi ya kutengeneza darubini ya eksirei yenye vioo, iliyorushwa mwaka 1978 na kuitwa Einstein. Mwaka 1999 ikarushwa nyingine kubwa zaidi, iitwayo Chandra, ambayo yeye alikuwa miongoni mwa walioipendekeza. Na mwaka 2024 wataalamu wa Ujerumani walitoa orodha mpya kutoka darubini iitwayo eROSITA. Orodha hiyo ina vitu karibu 900,000, na kati yake makundi ya galaksi ni zaidi ya 12,000. Hiyo ni nusu tu ya anga! Kutoka 339 hadi karibu 900,000. Lakini kila aliyeandika namba hizo mpya alipita njia iliyofyekwa na Uhuru.

Mwaka 2002 Giacconi alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia, kwa kazi iliyoanzisha elimu ya nyota kwa njia ya eksirei. Alifariki tarehe 9 Desemba 2018.

NA SISI JE?

Tuliporudi kwenye kile kikundi cha Uluguru tukiwa na habari hizi, tulidhani watu watafurahi tu. Wanakisomo si watu wa kufurahishwa bure.

Mama yule yule akasema, "Mwalimu, tumesikia. Sasa hayo mahesabu yataniongezea debe la mahindi?"

Tukamjibu ukweli. Hapana, mama. Hayaongezi debe.

Ndipo mzee naye akauliza lake, nalo lilikuwa zito zaidi. "Jina ni letu, bahari ni ya jirani zetu. Lakini chombo ni cha nani, na daftari ni la nani? Uhuru huo ulikuwa wa nani?"

Tulinyamaza kidogo. Kisha tukasema hivi. Chombo kilikuwa cha Wamarekani. Jukwaa lilikuwa la Waitalia. Jirani zetu walitoa mahali, na Kiswahili kikatoa jina. Lakini kulisoma daftari la Uhuru, na kuongeza mstari wetu ndani yake, hatukuwa na nafasi hiyo. Hakuna aliyelificha. Orodha zile zilichapishwa ili kila mtu asome. Ila zilichapishwa kwa lugha na kwa hesabu ambazo wengi wetu hatukuwa nazo. Daftari lililofunguliwa mbele ya asiyejua kusoma ni sawa na lililofungwa.

Jambo hili nyinyi mnalijua kuliko sisi. Kabla ya kisomo, wangapi walitia dole gumba kwenye stakabadhi ya mnunuzi wa mazao? Karatasi haikufichwa. Ilikuwa mezani, machoni pa wote. Kilo zimeandikwa, bei imeandikwa. Lakini mwenye mzigo alikuwa chini ya ukungu.

Kwa hiyo tukamwambia mama: elimu hii haikuongezei debe, lakini inatoka kwenye mti mmoja na ile iliyokuwezesha kusoma mzani. Ni kuuliza, kupima, kuandika, kulinganisha, na kutokubali neno kwa sababu tu limesemwa kwa sauti kubwa. Na mwanao anayekwenda shule, akisema anataka kusoma fizikia, usimwambie hiyo ni kazi ya Wazungu. Jina la Uhuru liko katika vitabu vyao tangu mwaka 1970. Linangoja majina ya watu wetu yaandikwe karibu nalo.

Mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Basi lile si wingu." Akafungua daftari lake. "Haya, soma tena zile namba za orodha, nami niandike. Lakini polepole, mwalimu, macho yangu siku hizi yana ukungu wake."

Tukazisoma tena, polepole.

MANENO MAPYA

Galaksi: mkusanyiko mkubwa sana wa nyota.
Eksirei: aina ya mwanga usioonekana kwa macho, hutumika pia hospitalini.
Setilaiti: chombo kinachoizunguka dunia angani.
Darubini: chombo cha kuonea vitu vya mbali.

KAZI YA KIKUNDI

1. Kutoka orodha ya mwaka 1974 hadi ile ya mwaka 1978, vitu viliongezeka vingapi?
2. Uhuru kilizunguka dunia mara 15 kwa siku. Kwa wiki moja kilizunguka mara ngapi?
3. Roketi za mwaka 1960 na 1961 zilishindwa. Jadilini: kijijini kwenu ni kazi gani iliachwa mapema mno baada ya kushindwa mara moja au mbili?
4. Tajeni vitu vilivyopo hapa kwetu ambavyo macho hayavioni. Kwa mfano, vijidudu vya kipindupindu katika maji. Mnajuaje kwamba vipo?
5. Kati ya Juni na Agosti, usiku usio na mbalamwezi, baada ya saa 2 tazameni ule weupe juu ya kichwa. Desemba na Januari, kati ya saa 2 na saa 4 usiku, mawingu yakikosekana, tafuteni mahali ambapo mlima hauzibi upande wa kusini. Tazameni chini kidogo, si juu sana. Mtaona vipande viwili vidogo vya weupe visivyosogezwa na upepo. Hizo ni galaksi mbili ndogo, jirani za galaksi yetu. Kila mmoja aandike tarehe, saa, na alichokiona. Daftari hilo litunzwe.

Majibu ya hesabu: swali la 1 ni 178, swali la 2 ni 105.